Harambee ya Desemba: Tufupishe Siku za Kungoja Majibu ya Tezi

Ndugu washarika, wana Moshi mlioko nyumbani na mlioko mbali, na marafiki wote wa kikundi chetu cha kuhudumia wagonjwa wa saratani, tunawasalimu katika jina la Bwana.

Tumezoea kuwaandikia majira haya, magari yanapoanza kupandisha kuja nyumbani kwa Krismasi, tukiomba nauli, chakula na dawa kwa ajili ya wagonjwa wetu. Mwaka huu tunaleta ombi ambalo jina lake ni geni masikioni mwa wengi, nalo ni kuanza maandalizi ya kipimo cha haraka cha molekuli kwa tezi za limfu za wagonjwa wa saratani ya mapafu. Kwa kuwa hatupendi mtu atoe fedha yake kwa jambo asilolielewa, tunaomba mtuvumilie tulieleze kwa kirefu.

Mwaka juzi tulimuuguza mzee wetu mmoja aliyeimba besi kwaya kuu kwa zaidi ya miaka ishirini, mtu ambaye hakuwahi kuvuta sigara maishani mwake. Alipoanza kukohoa alipewa dawa za kifua kikuu ingawa makohozi yake hayakuonyesha vimelea, akazimeza kwa uaminifu hadi siku alipotema damu, na ndipo picha ikaonyesha uvimbe kwenye pafu la kulia. Alifanyiwa upasuaji, sehemu ya pafu ikaondolewa, na pamoja nayo zikatolewa tezi kadhaa za limfu kutoka kifuani, ndugu wa zile tezi ambazo zikivimba kwapani au kinenani tunaziita mitoki, ili zipimwe kama ugonjwa umefika huko. Mimi ninayeandika, katibu wa kikundi, ndiye niliyekabidhiwa vichupa nivipeleke maabara ya mji mwingine. Vilikuwa vitatu, vimejaa formalini, ile dawa ya kuhifadhi nyama ya mwili isioze, vifuniko vimezungushiwa plasta, na jina la mzee limeandikwa kwa kalamu ambayo wino wake ulikuwa umeanza kuchuja. Kondakta alitaka viingie kwenye buti pamoja na mizigo; nikakataa, nikavizungushia kanga ndani ya kikapu na kuvipakata safari nzima.

Majibu yalitoka siku ya ishirini na sita. Tezi iliyo chini kidogo ya njiapanda, pale bomba kuu la hewa linapogawanyika kwenda mapafu mawili, ilikuwa na saratani. Kwa siku zote hizo mzee alikaa kitandani akiamini kwamba kisu kimemaliza kazi, familia ikala fedha zote za akiba, na dawa ambazo zingepangwa mapema hazikupangwa. Hatusemi kwamba majibu ya siku moja yangemponya. Tunasema kwamba zile siku ishirini na sita zilikuwa zake, naye hakurudishiwa hata moja.

Uzito wa tezi hizi unatokana na kazi yake katika kupanga tiba. Saratani ya mapafu ikiwa haijagusa tezi, upasuaji huwa ndio tumaini kubwa. Ikiwa imefika tezi zilizo ndani ya pafu au kwenye shina lake, mgonjwa kwa kawaida huongezewa dawa baada ya upasuaji. Ikiwa imefika tezi za katikati ya kifua, mara nyingi madaktari huanza kwa dawa au mionzi. Na ikiwa imevuka hadi upande wa pili wa kifua au juu ya mfupa wa mtulinga, kisu kwa kawaida huwekwa kando. Mgonjwa ni yuleyule na uvimbe ni uleule, lakini njia inabadilika kwa sababu ya kitu kinachoweza kuwa kidogo kuliko punje ya ulezi.

Njia iliyozoeleka ya kupima ni kuhifadhi kinyama, yaani kipande kidogo kilichotolewa mwilini, kwenye formalini, kukigandisha ndani ya nta, kukikata vipande vyembamba kuliko unywele, kuvipaka rangi na kuvitazama kwa hadubini. Ni njia nzuri, na hakuna anayetaka kuiondoa. Hata hivyo inahitaji siku kadhaa pale inapokwenda vizuri, na daktari wa patholojia huona vipande vichache tu vya tezi nzima, kama mnunuzi anayekagua gunia la maharage kwa kuchota viganja viwili.

Kipimo cha molekuli huenda kwa njia nyingine. Tezi husagwa ikiwa mbichi, ikazungushwa kwa kasi ili mafuta na makapi vijitenge, kisha maji yake yakachanganywa na kemikali na kupashwa joto la nyuzi 65. Kinachotafutwa ni ujumbe wa RNA, yaani nakala ya maagizo ambayo seli huifuata kutengeneza protini, na hapa ni ya protini iitwayo sitokeratini 19, ambayo seli za ngozi ya ndani ya mapafu huitengeneza lakini seli za kawaida za tezi haziitengenezi. Mtu wa Rombo akifungua kinywa sokoni Kiboroloni, mtu wa Machame anajua papo hapo kwamba huyu hakuzaliwa Hai. Seli ya saratani iliyohamia kwenye tezi nayo hubaki na lafudhi ya kwao. Ujumbe huo ukiwapo, hunakiliwa mara nyingi mno na maji yaliyokuwa maangavu yakaanza kuchafuka kama maji ya kuoshea mchele, na mtambo hupima jinsi yalivyochafuka na kwa kasi gani. Kazi nzima huchukua takribani dakika 30 hadi 40, muda ambao mgonjwa bado yuko mezani. Mbinu hiyo ya kunakili ilitangazwa na watafiti wa Japani mwaka 2000, ikatumika kwanza kwa tezi za saratani ya matiti, na baadaye ikajaribiwa kwa mapafu.

Kipimo hiki kina mipaka yake, nasi tunaitaja wazi. Tezi iliyosagwa haiwezi tena kutazamwa kwa hadubini, kwa hiyo ni busara kubakiza nusu yake. Tena, baadhi ya saratani za mapafu hazitoi sitokeratini 19 ya kutosha, na kwa hizo jibu la kwamba hakuna kitu lisiaminiwe peke yake.

Sisi wa Kilimanjaro tusiogope neno molekuli. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha imehudumia wagonjwa wa kifua kikuu tangu mwaka 1926, na wengi wetu tumeona jinsi mashine ya GeneXpert inavyosoma makohozi na kutoa jibu kwa muda usiozidi saa mbili, kazi ambayo kwa kuotesha vimelea ilichukua wiki kadhaa.

Sasa tufike kwenye fedha. RNA huharibika upesi, na kinyama kilicholala kwenye formalini ndani ya basi hakifai kwa kipimo hiki. Kwa hiyo kazi hii lazima ifanyike karibu na chumba cha upasuaji, au tezi igandishwe mara moja. Mtambo wenyewe ni wa gharama kubwa, na hatutawadanganya kwamba harambee moja itaununua. Tunachoomba ni shilingi 45,000,000. Sehemu kubwa, shilingi 29,000,000, ni ya friji ya kugandisha hadi nyuzi 80 chini ya sifuri pamoja na kifaa cha kuilinda umeme unapokatika, jambo ambalo hatuhitaji kulieleza kwa mtu anayeishi hapa. Hospitali tunayoshirikiana nayo imekubali kutoa chumba na msimamizi. Shilingi 6,000,000 zitamgharamia mtaalamu mmoja wa maabara kwenda kujifunza kuandaa tezi mbichi, na zinazobaki zitalipia vipimo vya kawaida vya vinyama na malazi ya wagonjwa wasio na uwezo, kwa sababu wao hawawezi kusubiri mtambo.

Harambee itafanyika Jumapili ya mwisho ya Desemba, baada ya ibada ya pili. Ahadi zinapokelewa kuanzia sasa kwa wazee wa jumuiya, na kila mchango utaandikiwa stakabadhi. Mweka hazina atasoma mapato yote mbele ya usharika Jumapili inayofuata. Mkaguzi wa hesabu tumemwomba kutoka nje ya kikundi. Walio mbali wanaweza kutuma kupitia ndugu zao wa jumuiya. Kutakuwa na mnada kama kawaida, hivyo mwenye mkungu wa ndizi, kuku, debe la mahindi au gunia la kahawa aulete ukumbini kabla ya saa moja asubuhi, ili kinamama wa mapokezi wapate muda wa kuandika jina la mleta na thamani yake kabla kengele ya kwanza haijalia.