Macho ya Nasra

Shoga yangu Mwanaisha,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila kaskazi inatuchoma. Najua nimenyamaza tangu Maulidi. Utanitukana baadaye, kwanza nisikilize.

Nimeharibu, shoga. Ile picha ya usiku wa kupamba, Nasra ameinua uso na kikuba kifuani, niliitazama kwenye kioo cha nyuma cha kamera nikaiona safi, wanja umekaa sawasawa. Nikamwonyesha Bi Rukia papo hapo, akapiga kigelegele.

Juzi akaniita Kibokoni tuzitazame sisi wanawake kwenye TV yake mpya ya inchi 55. Asumini za kikuba waziona ua kwa ua. Macho ya bibi harusi, ukungu mtupu! Kamera ilishika kikuba ikaacha uso. Chumba kikanyamaza, mpaka mkewe Ali akauliza, "Kwani alikuwa akilia?"

Sikulala, nikawa napiga hesabu. Kioo cha kamera upana wake ni sentimita sita na kitu, TV yapita 120, basi ukungu ule ule umekuzwa mara 20 hivi. Tena picha ina pikseli, vile vitone vya rangi vinavyoiunda, milioni 24, na kioo kile chaonyesha kama laki tatu na nusu tu. Pikseli karibu 70 zabanwa ziwe moja, kasoro utaionea wapi? Ilikuwa nibonyeze kukuza, nitazame kope. Sikubonyeza. Biriani ilikuwa imeshaingia.

Na waliokaa kule mlangoni hawakuona neno! Kwa mbali uso warudi kuwa mdogo machoni, kama uko kwenye simu. Ni Bi Rukia aliyesogeza kiti mpaka pua karibu iguse TV.

Sasa ataka ichapishwe upana wa meta moja, itundikwe sebuleni. Meta moja, Mwanaisha! Nimejaribu kuinoa kwa kompyuta, kope zikawa kama nyaya na macho yamebaki vile vile. Programu yakaza kingo, lakini kope ambayo kamera haikuinasa itaitoa wapi? Ikichapishwa sentimita 10 kwa 15, ikae kwenye albamu, hakuna atakayejua.

Bi Rukia akusikiliza wewe. Mimi nikimwambia "ndogo" atadhani nambania karatasi.

Basi utampigia? Kabla ya Ijumaa? Au nimpe ile ambayo Nasra anacheka, macho yang'aa hata kwenye TV, japo shela limekwenda upande? Wewe ungeikubali sebuleni kwako? Na mtoto ameacha kukohoa? Malindi mwarudi lini, achari yako niiweke au niile?

Khadija asijue. Kaniagiza harusi ya mwezi ujao.

Wako,
Zuhura