Stroberi kavu zisipikwe kama zabibu

Mhariri,

Stroberi ni tunda lisilongoja. Likichumwa leo katika mashamba ya Njoro au Bahati, huku Nakuru, kesho limeanza kulegea, ndiyo maana wakulima hushauriwa kulikausha. Ushauri huo ni mzuri, ila huishia kwenye trei ya kukaushia. Mwokaji hununua pakiti, akazimwaga stroberi kwenye unga jinsi anavyomwaga zabibu, keki ikatoka na madoa ya kijivu na mashimo yenye ute. Lawama humwangukia mkulima.

Zabibu kavu ni nono, na ngozi yake nzima huizuia kunywa maji kwa pupa. Stroberi mbichi ina maji asilimia 90 hivi. Kilo moja ikikauka hubaki gramu 100 au pungufu, vipande vyembamba vyenye uchachu mkali, vilivyokatwa na kuachwa wazi pande zote. Vikiingia vikavu kwenye mchanganyiko wa keki, hufyonza maziwa yaliyokusudiwa unga.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano, gramu 80 za stroberi kavu zatosha. Zikatwe ukubwa wa punje ya hindi na kuloweshwa katika mililita 120 za maji vuguvugu kwa dakika 15. Zikikaa zaidi zitalainika na kuwa jemu, na hapo ndipo ute wa kwenye keki unapotokea. Zichujwe, zikamuliwe kidogo kwa mkono, zipakwe kijiko cha unga na kuingizwa mwisho kabisa. Maji yaliyobaki yana rangi na ladha, kwa hiyo yasimwagwe. Yapimwe, kisha maziwa ya keki yapunguzwe kwa kiasi hicho hicho. Tukumbuke pia kwamba Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Keki huumuka upesi kuliko Mombasa, ikiinuka kabla haijashikana, na matunda huzama chini. Kupunguza robo ya beking poda husaidia.

Ile rangi ya kijivu si ukungu. Wekundu wa stroberi unatokana na anthosianini, ambayo hubaki nyekundu penye asidi na kugeuka zambarau au kijivu asidi inapoisha. Kinachoimaliza ni soda ya kuokea. Anayetumia mala (maziwa yaliyoganda) asipitishe nusu kijiko cha chai cha soda kwa kila mililita 250 za mala. Wa maziwa ya kawaida aache soda kabisa, atumie beking poda na kijiko kimoja cha maji ya limau.

Kwa mandazi, vipande tunavikataa. Kinachochungulia nje huungua kabla ndani hakujaiva, kisha mafuta yote yakawa machungu. Gramu 20 za stroberi zilizosagwa zinatosha nusu kilo ya unga. Kwenye skonzi za hamira vipande vinakubalika, mradi viingie baada ya kinyunga kuumuka mara ya kwanza na kusukumwa ndani visitokeze juu.

Kusaga nako kuna masharti yake. Stroberi inayovunjika kwa mlio inasagika. Inayokunjika bado ina maji, na blenda ikipata joto itaigeuza gundi. Irudishwe kwenye kikaushio kwa nyuzi 55 hadi 60 za Selsiasi mpaka ivunjike, ipoe kabisa, halafu isagwe kwa vipindi vya sekunde chache pamoja na kijiko cha wanga wa mahindi kwa kila gramu 50. Zile zilizokaushwa kwa kugandishwa husagika vizuri zaidi, ila ni ghali na hunyonya unyevu upesi mno. Wenzetu wa Kisumu, kwa hewa ile ya ziwa, wasiache pakiti wazi hata wakati wa kupima.

Upande wa vinywaji, asidi ile ile inayolinda rangi hukata maziwa ya moto. Anayezitia kwenye chai ya maziwa atapata mabonge. Gramu 15 katika lita moja ya maji yaliyochemka, zikifunikwa dakika kumi, hutoa kinywaji kizuri bila maziwa. Mala haina shida maana imeshaganda: gramu 20 kwa nusu lita, zilale kwenye friji usiku kucha. Uji wa wimbi hupata uchachu mzuri, ila rangi usiitarajie; unga wa stroberi uingie sufuria ikishaepuliwa.

Vitafunio ni rahisi zaidi. Njugu vikombe vitatu kwa kimoja cha stroberi, njugu zikiwa zimepoa kabisa na stroberi zikiwa za kuvunjika. Bisi zifungwe peke yake, kwa sababu hulainika hata kwa unyevu mdogo.

Tuna ombi kwa wanaopakia. Waandike kwenye pakiti kama stroberi zimetiwa sukari kabla ya kukaushwa, maana zilizotiwa hudai sukari ya keki ipunguzwe na huungua haraka. Pia kabla ya kufunga pakiti, waziweke kwa wiki moja ndani ya chupa ya kioo iliyobana, wakiitikisa kila siku. Kioo kikitoa jasho, zirudi kwenye trei.

Waokaji,
Nakuru