Usipige jiwe picha jua likiwa mgongoni mwako

Sisi hudarizi michongo ya mawe ya makaburi kwenye kitambaa. Mteja mmoja alitutumia picha ya jiwe la kaburi la kale, akaandika chini yake: "Nataka hili, kama lilivyo." Picha yenyewe ilikuwa safi. Jua kali, jiwe linang'aa, nyasi zinahesabika. Ila juu ya jiwe hapakuwa na kitu. Nilijua pana fuvu lenye mabawa kwa sababu yeye ndiye aliyesema. Niliikuza picha mpaka ikabaki madoadoa, nikaambulia mstari mmoja uliopinda na miduara miwili ambayo ingeweza kuwa macho, au koga.

Oda nyingi za tarizi za makaburi ya kale hukwama hapo, sindano haijagusa kitambaa. Mteja hudhani tunajivuta, kumbe tunasubiri picha nyingine. Nieleze basi ni kwa nini, maana picha nzuri hutupunguzia kazi sote wawili na kuinusuru tarizi isiwe ya kubuni.

Mchongo wa jiweni hauna rangi. Jiwe ni kijivu, na kilichochongwa juu yake ni kijivu kile kile. Kinachoonekana ni kivuli tu: upande mmoja wa mfereji wa patasi umeshika mwanga, upande wa pili umeukosa. Jua likiwa nyuma yako, likilipiga jiwe usoni, pande zote mbili za mfereji zinapata mwanga sawa na mchongo unatoweka. Taa ya simu hufanya hivyo hivyo, tena vibaya zaidi. Unachotaka ni mwanga unaotambaa juu ya uso wa jiwe kutoka ubavuni, karibu sambamba nao. Hapo hata mkwaruzo mdogo wa patasi unatupa kivuli chake, na manyoya ya bawa ambayo hukuyaona kwa macho yanajitokeza moja moja.

Wengi wakisikia hivyo huamka alfajiri. Si lazima, na pengine ni kujisumbua bure. Cha kuangalia ni jua limekaaje kwa uso wa jiwe, saa ni jambo la baadaye. Jiwe linalotazama mashariki asubuhi linapigwa usoni moja kwa moja. Saa yake nzuri ni karibu na adhuhuri, dakika zile uso unapokaribia kuingia kivulini na mwanga unaupitia kwa pembeni. Linalotazama magharibi huanza saa hizo hizo, mwanga unapoanza tu kuligusa. Ukikuta jiwe liko kivulini kabisa, mwenzako asimame juani na kioo kirefu, akurushie mwanga ubavuni mwa jiwe. Kioo cha kabati kinatosha. Tochi nayo inafaa siku ya mawingu, mradi uishike kando, karibu na ukingo wa jiwe, wala isitoke upande wa kamera.

Na mwanga utoke juu kidogo, kushoto au kulia, usitoke chini. Hili nimejifunza kwa kufumua. Miaka ya mwanzo nilipokea picha ya fuvu iliyopigwa kwa kioo kilicholazwa nyasini. Jicho la mtu limezoea mwanga kutoka juu, kwa hiyo ukitoka chini linadanganyika: shimo linaonekana kifundo, kifundo kinaonekana shimo. Nikayajaza macho ya fuvu pamba chini ya uzi, yakavimba vizuri, nikajisifu. Mteja alikuwa amelijua jiwe lile tangu utotoni, kwa vidole. Alipoipokea akaniandikia sentensi moja: "Haya yametoka, yale yameingia." Nilifumua fuvu zima. Siku hizi picha ikinitia shaka naigeuza juu chini kwanza. Ukiona mabonde yamekuwa vilima, umeshajua mwanga ulitoka wapi.

Sasa lile ombi ambalo tunalitoa kwa msisitizo: usilipake jiwe kitu. Povu la kunyolea, unga, chaki, vyote tumewahi kuviona kwenye picha tulizoletewa, na kweli herufi zinasomeka vizuri. Lakini povu lina asidi na mafuta yanayobaki ndani ya vitundu vya jiwe, unga ni chakula cha koga, na chaki inasugua. Dawa ya kung'arisha nguo huacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi ikiganda inalimega kutoka ndani. Brashi ya waya sitaki hata kuieleza. Kuweka karatasi juu ya jiwe na kupitisha kalamu ya nta kulikuwa burudani ya wengi zamani, ila jiwe lililoanza kuachana tabaka linaweza kubanduka kwa mkandamizo wa kiganja tu, na katika makaburi ya kihistoria ya jiji la Boston, Marekani, zoezi hilo limepigwa marufuku. Tukiletewa nakala mpya ya namna hiyo hatuifanyii kazi. Ile iliyorithiwa kutoka kwa bibi, iliyokunjwa kabatini miaka hamsini, tunaipokea kwa furaha.

Aina ya jiwe nayo hubadilisha kazi. Sleti, jiwe lile lile la vibao vya kuandikia vya shule za zamani, lina chembe ndogo sana na hutunza ukingo wa patasi kwa karne. Marumaru ni laini na nyeupe, inapendeza ikiwa mpya, lakini mvua yenye asidi huiyeyusha taratibu mpaka herufi zinalegea kama sukari iliyonyeshewa. Ndiyo maana jiwe la sleti la mwaka 1710 mara nyingi husomeka kuliko la marumaru la 1850. Jiwe la mchanga huanguka kwa maganda. Mteja akisema "sleti", najua nitapata mistari, na natayarisha uzi mwembamba. Akisema "marumaru", natayarisha uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe na kiasi cha uvumilivu.

Michoro inayoombwa zaidi ni mitatu, na inafuatana kwa historia. Katika miaka ya 1960 wanaakiolojia James Deetz na Edwin Dethlefsen walihesabu mawe ya makaburi ya Massachusetts, jimbo la Boston, kwa mwaka na kwa mchoro, wakaonyesha jinsi fuvu lenye mabawa lilivyotawala mwanzo, likapisha uso wa kerubi wenye mabawa katika karne ya 18, naye akapishwa na chombo cha majivu kilichofunikwa na mti wa mwerebi, ule wenye matawi yanayoinama mpaka chini. Fuvu ndilo tamu kudarizi. Kina Lamson wa Charlestown, jirani na Boston, familia ya wachongaji iliyoanzia kwa Joseph Lamson, aliyefariki mwaka 1722, walilipatia fuvu nyusi zilizopinda na safu ya meno kama zipu, na pembeni wakashusha mapambo ya matunda na majani ambayo yangetosha kuwa tarizi yenyewe bila fuvu. Kerubi ni mgumu kwa sababu ya uso: mashavu hayana mistari. Mwerebi ni rahisi ila ni mrefu. Uzi mmoja mmoja, tawi kwa tawi, na ukichoka unaonekana.

Huo mwerebi ulishakuwa wa kitambaani kabla yetu. George Washington alipofariki Desemba 1799, wasichana wa shule za Marekani walidarizi kwa hariri picha za maombolezo: kaburi, chombo cha majivu, mwerebi, mwanamke aliyeinamia jiwe. Nyuso na anga mara nyingi zilipakwa rangi kwa brashi, na mengine yakashonwa. Baadaye walizifanya kwa wafiwa wa nyumbani kwao. Kwa hiyo anayeuliza kama si vibaya kuleta mchoro wa kaburini sebuleni, namweleza kwamba ulikuwa huko miaka mia mbili iliyopita, ndani ya fremu, na kioo juu yake.

Nje ya hiyo mitatu, napenda binafsi mawe ya Uskoti ya karne ya 18 yenye zana za kazi: nyundo iliyovishwa taji kwa mhunzi, chombo cha kupitishia uzi kwa mfumaji, mkasi na pasi kwa fundi cherehani. Mafundi wenzangu wakiona mkasi ule hawahitaji kushawishiwa. Yapo pia makaburi ya Chaukhandi karibu na Karachi, Pakistan, ya jiwe la mchanga la rangi ya asali, ambako ubavu mzima umejaa vijiraba, nyota na mapambo kama ya vito. Hayo ukiyatazama unaona kitambaa tayari, na ndiyo pekee ninayoshauri mteja ayafanye kwa mshono wa kuhesabu nyuzi, kama ule wa msalaba. Mawe mengine usiyafanye kwa mshono wa msalaba. Upinde wa juu wa jiwe utageuka ngazi, na fuvu litafanana na mchezo wa zamani wa kompyuta.

Namna tunavyogeuza kivuli kuwa uzi inategemea mchongaji alifanya nini. Kama alichora mstari kwa mfereji wenye umbo la V, natumia nyuzi mbili zinazolala bega kwa bega, ya kijivu kizito upande wa kivuli na ya kijivu chepesi upande wa mwanga, na jicho linaona mfereji. Kama aliondoa jiwe lote la pembeni akabakiza umbo likiwa juu, nafanya kinyume cha mazoea: naliacha umbo bila uzi, kitambaa kitupu, najaza sehemu inayolizunguka. Waitalia wa mji wa Assisi wamefanya hivyo kwa wanyama na ndege wao kwa muda mrefu. Mtu anayetarajia "picha iliyojazwa" hushtuka akipata fuvu la kitambaa kitupu, mpaka alitundike na kurudi nyuma hatua tatu.

Rangi: nyeusi kabisa karibu situmii. Sleti ina kijani, ina samawati, mara nyingine ina zambarau. Kijivu tatu au nne zilizochaguliwa mbele ya picha hufanya kazi kuliko nyeusi moja. Uzi wa pamba wa kawaida una nyuzi sita zilizosokotwa pamoja. Nachambua mmoja kwa matawi ya mwerebi, mbili kwa mabawa, na tatu kwa mpaka wa jiwe tu. Na mwelekeo wa mshono una uzito kuliko wateja wanavyodhani, hasa kwenye hariri: unyoya ulioshonwa kwa urefu unang'aa tofauti na ulioshonwa kwa mapana, hata kama uzi ni ule ule. Hapo ndipo patasi inaporudi.

Palipolika, hatujazi. Hili hutuletea mabishano kuliko bei. Mteja anataka bawa la pili likamilike kwa sababu la kwanza linaonekana. Lakini wachongaji wale hawakuwa mashine; bawa la kushoto mara nyingi halifanani na la kulia. Kwa hiyo mistari inapofika pale jiwe lilipomegeka naiacha inyamaze kwa vishono vidogo vilivyotawanyika, vinapungua, vinaisha. Ukisisitiza ukamilifu tutafanya, ila utasema wewe mwenyewe kwa maandishi, na nyuma ya fremu tutaandika kwamba upande huo ni wetu.

Herufi ni hivyo hivyo. Ile s ndefu inayofanana na f ni s. Usituandikie kwamba tumekosea. "Ye" ya mawe ya Kiingereza cha zamani ni "the", na ile y imeshika nafasi ya herufi iliyokufa. Wapo wachongaji waliosahau neno, wakalibana juu ya mstari na kuweka alama ya kuchomeka. Tunalibana pia.

Majina hatuyadarizi, isipokuwa ya ukoo wako. Fuvu, bawa, mkasi, hivyo ni vya mchongaji na wakati wake. Jina ni la mtu. Na kaburi la juzi juzi la mtu usiyemhusu hatuligusi kabisa, hata mchongo uwe mzuri namna gani.

Ukiwa umesimama mbele ya jiwe, basi, fanya hivi. Simu iwe kwenye kimo cha katikati ya mchongo, inyooke, la sivyo upinde utapotoka na mimi nitaushona ukiwa umepotoka. Rudi nyuma kidogo kisha kuza, badala ya kusogea pua kwa pua. Weka rula ardhini mbele ya jiwe, usiiegemeze. Piga jiwe zima, kisha mchongo peke yake, kisha kila kona, mwanga ukitoka kushoto. Halafu hamisha kioo, rudia mwanga ukitoka kulia, kwa sababu mistari inayokimbia sambamba na mwanga haitupi kivuli na utaikosa upande mmoja. Kabla hatujashona tutakutumia mchoro wa kalamu. Ulinganishe na jiwe lenyewe kama bado uko karibu nalo, maana kufuta kwa kifutio ni dakika, kufumua ni jioni nzima.

Na usituchagulie. Wateja hututumia ile iliyong'aa na kufuta zile wanazoziona mbaya, zenye nusu ya jiwe gizani. Yule wa fuvu la mwanzo alikuwa nayo moja ya namna hiyo, aliibonyeza kwa bahati mbaya akiwa anaondoka. Meno yote yalikuwamo.