Barua ya wazi kwa Kamishna wa NFL: mtoe nje siku hiyohiyo

Kwa Mheshimiwa Roger Goodell,
Kamishna wa NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani,
New York.

YAH: KUGONGANA VICHWA JUMAPILI NA ADHABU YA JUMAMOSI

Mheshimiwa Kamishna,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Ndivyo tulivyofundishwa kuanza barua shuleni Tanga, na mwalimu wetu alikuwa mkali, kwa hiyo nitajitahidi kushika adabu mpaka mwisho. Nikiteleza katikati univumilie. Leo ni siku ya 19 sijapata usingizi wa maana.

Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu cha barua nimekimaliza chote kwa kocha, kwa shule na kwa watu wa bima, na wote wamenijibu neno moja: mchezo ndivyo ulivyo. Ofisi yako haikosi hela ya mkalimani.

Naishi Dayton, Ohio. Wenyeji wa hapa watakuambia kwa fahari kwamba mechi ya kwanza kabisa ya ligi yenu ilichezwa katika mji huu, tarehe 3 Oktoba 1920, pale Triangle Park, Dayton ikikutana na Columbus. Mimi napita karibu na hapo nikienda zamu ya usiku ghalani. Kwa hiyo tuseme wewe na mimi tuna ujirani fulani, na jirani akiunguliwa na nyumba huombwa angalau ndoo ya maji.

Ijumaa ile nilibadilishana zamu ili nikamwone mwanangu. Ana miaka 16, kifungua mimba wangu, kazi yake uwanjani ni kupokea pasi. Robo ya tatu ikapigwa pasi ndefu, imezidi urefu kidogo. Akaruka, mikono juu, mbavu wazi, macho yote kwenye mpira. Yule aliyekuja kumkaba hakumkaba. Aliinamisha kichwa, akakaza shingo kama beberu, akamvaa kwa utosi wa helmeti chini ya kidevu. Mama yake hakuwepo, na hadi leo ananiuliza mlio ulikuwaje. Nimemwambia sikuusikia. Niliusikia, Mheshimiwa. Ni kama nazi kavu inapodondokea sakafu ya saruji.

Kinga ya meno iliruka, ya rangi ya chungwa, nikaifuata kwa macho mpaka ilipotua, sijui kwa nini niliangalia ile badala ya mtoto. Yeye alikuwa chali, mkono mmoja ameunyoosha hewani, umekakamaa, haushuki. Watu jukwaani walidhani anaashiria yuko salama, wakapiga makofi. Daktari alinieleza baadaye kwamba mkono kukakamaa vile ni dalili ya ubongo kutikisika.

Refa akatupa kitambaa cha njano. Yadi 15, yaani mpira ukasogezwa mbele kwa faida yetu, basi. Yule mwingine akapigwapigwa mgongoni na wenzake, akabaki uwanjani, akacheza mpaka filimbi ya mwisho.

Ndani ya gari la wagonjwa mwanangu akaniuliza, "Baba, tumeshinda?" Nikamwambia mpira haujaisha. Kitambo kidogo akauliza tena, kwa sauti ileile, kama hajawahi kuuliza. Mara ya sita nikamwambia tumeshinda.

Tangu siku hiyo chumbani kwake tumetundika khanga mbili dirishani kwa sababu mwanga unamuumiza. Simu hashiki. Hesabu, ambazo zilikuwa somo lake, akisoma mstari mmoja anashika kichwa. Juzi alimfokea mdogo wake kwa kutafuna kwa sauti, kisha akalia mwenyewe. Mimi nimepoteza zamu nne, na bili ya lile gari peke yake inazidi kodi yangu ya nyumba ya mwezi. Lakini hayo ni yangu, nitahangaika nayo.

Utasema, mechi ya watoto wa sekondari inamhusu nini Kamishna wa NFL? Nilikuwa nakungoja hapo.

Siku ya tano yule kijana aliyemgonga alikuja nyumbani na mama yake. Wamekuja na bakuli kubwa la makaroni ya jibini, mama analia, kijana kainama. Mtoto mwenye heshima, miaka 17, mabega mapana, masharubu ndiyo kwanza yanachipua. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia nikashindwa. Nikamuuliza taratibu: nani alikufundisha kugonga vile? Hakumtaja kocha. Akatoa simu, akanionyesha video ya sekunde chache, mchezaji wa ligi yako akimvaa mwenzake kichwa kwa kichwa, imerudiwa polepole mara tatu, chini yake mamia ya watu wanashangilia. Akasema, "Nilitaka iwe kama hii." Nikamuuliza: na huyu alifanywa nini baada ya hapo? Akasema hajui. Kwamba alitozwa faini au hakutozwa, hajui.

Hapo ndipo penye barua yangu yote, Mheshimiwa. Kosa linatendwa Jumapili, mchana kweupe, mamilioni wanaona. Faini mnazitangaza Jumamosi inayofuata, kimyakimya, wakati vijana wenyewe wamelala kwa uchovu wa mechi ya Ijumaa. Mtoto gani anaamka kusoma orodha ya faini? Anachokumbuka ni kwamba jamaa aligonga, akainuka, akajipiga kifua, akaendelea kucheza.

Sisemi hamjafanya kitu. Mwaka 2018 mliweka sheria kwamba atakayeinamisha kichwa na kumgonga mwenzake kwa helmeti apewe yadi 15, na anaweza kutolewa. "Anaweza." Neno hilo nimelipenda. Mimi pia naweza kuwa tajiri.

Mlisaidia kwa fedha zenu ule mpango wa Heads Up Football wa kufundisha watoto kukaba vichwa vikiwa juu. Na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki katika mkutano wa wazazi, nikaelezwa habari hiyo ya vichwa juu, nikaamini, nikatia saini fomu. Saini yangu iko pale. Yenu iko wapi?

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 17 Oktoba 2010, James Harrison, mchezaji wa ulinzi wa Pittsburgh, aliwagonga wachezaji wawili wa Cleveland, timu ya hapa kwetu Ohio, katika mechi moja. Wote wawili wakatoka. Kwa mmoja wao, Mohamed Massaquoi, mlimtoza Harrison dola 75,000. Hiyo ni mishahara yangu ya karibu miaka miwili, na nilipoisoma nilishika mdomo. Kumbe mwenzangu mwaka mmoja kabla alikuwa amesaini mkataba wa zaidi ya dola milioni 51. Akasema anafikiria kustaafu, siku mbili zikapita, akarudi mazoezini. Na wiki hiyohiyo ya faini, picha ya kumbo lile ilikutwa ikiuzwa kwenye duka la picha la ligi yenu mtandaoni. Mliiondoa baada ya watu kupiga kelele, mkasema ni mitambo ya muuzaji wa nje iliyoiweka yenyewe. Sawa. Mitambo ina tabia hizo.

Mwaka uliofuata, Desemba 2011, Harrison huyohuyo akamgonga Colt McCoy, kwotabaki, yaani mpiga pasi mkuu, wa Cleveland ileile. McCoy akarudishwa uwanjani mechi hiyohiyo, mpira ulipokwisha kuanzishwa mara mbili tu, bila kupimwa ubongo. Unajua nani alipiga kelele? Baba yake. Naye alikuwa amefundisha mpira sekondari Texas, mtu anayeujua mchezo, akasema hadharani kwamba mwanawe hakupaswa kurudi. Mwezi huohuo mkaanza kuweka wataalamu wa tiba juu jukwaani wawaangalie wachezaji walioumia. Harrison mkamfungia mechi moja. Nakukumbusha hili kwa sababu mimi pia ni baba, na naona baba akisema huwa mnasikia. Labda lazima mtoto wake awe na jina.

Hapa Dayton wengi ni mashabiki wa Cincinnati, maana ni mwendo wa saa moja. Ghalani ukitaka kuharibu zamu nzima, taja tarehe 9 Januari 2016. Ilikuwa mechi ya mtoano dhidi ya Pittsburgh. Cincinnati inaongoza 16 kwa 15, dakika inakwisha, Vontaze Burfict wa Cincinnati akamvaa Antonio Brown wa Pittsburgh kichwani. Yadi 15. Mwenzake akagombana, yadi 15 nyingine. Pittsburgh wakasogea bure mpaka karibu, wakapiga mpira katikati ya nguzo, 18 kwa 16, kwaheri. Baadaye mlimfungia Burfict mechi 3. Lakini waulize hawa jamaa zangu: zile mechi 3 hakuna anayezikumbuka. Zile yadi kila mtu anazikumbuka. Mzee mmoja wa kuendesha foklifti akisimulia bado anapiga ngumi kwenye boksi.

Unaona, Mheshimiwa? Adhabu inayouma ni ile iliyoonekana.

Na huyo Burfict ilibidi afungiwe tena na tena mpaka mwaka 2019, akiwa Oakland, ndipo mkamfungia msimu wote uliobaki, mechi 12. Kareem Jackson wa Denver mwaka 2023 mlimfungia 4, akakata rufaa, zikawa 2, akarudi, na mechi ya kwanza aliyorudi akagonga tena kwa helmeti. Nyumbani tunasema sikio la kufa halisikii dawa, lakini na dawa yenyewe iwe dawa basi.

Halafu kinachoniudhi zaidi ni kwamba vijana wa vyuo vikuu, ambao kwa miaka mingi walicheza bila hata mshahara, wana sheria kali kuliko ninyi. Tangu mwaka 2013 mchezaji wa chuo akimlenga mwenzake kichwani, refa anakwenda kwenye video, ikithibitika anatoka nje hapohapo. Kwa miaka mingi, akitenda kosa kipindi cha pili, alikosa na nusu ya kwanza ya mechi iliyofuata. Anapita katikati ya uwanja mzima, helmeti mkononi, kamera inamfuata mpaka mlangoni. Kijana wa miaka 19 anabebeshwa hilo, na mtu mzima mwenye mawakili na rufaa anapewa yadi.

Najua wapo watakaosema refa atakosea, mchezo utalainika, wachezaji wana kasi, hawana muda wa kufikiri. Video mnazo, mnasimamisha mechi dakika nzima kuangalia kama kidole cha mguu kimegusa chaki. Mwangalieni na mtu.

Sina uhakika kama ni video zenu tu zilizomfikisha mwanangu hapa. Nadhani helmeti za shule yao zimechakaa. Nadhani kocha naye akisikia mlio mkubwa mazoezini anapiga makofi, nimewahi kumsikia. Na mimi baba mtu nilisimama nikashangilia msimu uliopita mwanangu alipomwangusha mtoto wa watu, nikampigia ndugu yangu Tanga kumhadithia. Daktari Bennet Omalu, Mwafrika mwenzetu wa Nigeria, tangu mwaka 2002 alipoupasua ubongo wa marehemu Mike Webster, mchezaji wa zamani wa ligi yenu, pale Pittsburgh, ametuonyesha makumbo haya yanamfikisha mtu wapi. Madaktari wenu wakaandika kutaka utafiti wake ufutwe. Na mimi nikasoma hayo yote, na bado nikanunua viatu vya njumu. Basi nami nina sehemu yangu.

Mwaka 2023 mlipeleka kambi yenu Nairobi kutafuta vijana. Ndugu yangu alinipigia kwa furaha, anauliza mtoto wake akimbie na yeye akajaribu? Wakati ule nilimwambia ndiyo.

Ninachoomba. Nilikuwa nimeandika mambo sita kwenye karatasi. Anayegonga kwa helmeti atolewe, na timu yake ibaki pungufu kama kwenye soka letu, mwenye kadi nyekundu haingiziwi mtu. Akae nje mpaka aliyemuumiza arudi. Alipe bili ya hospitali. Kocha wake naye afungiwe. Video zifutwe. Mke wangu akaisoma, akasema, "Baba, ukiomba sita hupewi hata moja." Anakujueni vizuri. Nimeyakata yote.

Limebaki moja. Mtu akiinamisha kichwa na kumvaa mwenzake kichwani, mtoe nje. Isiwe "anaweza kutolewa". Siku hiyohiyo, robo hiyohiyo, kamera zikiwaka, watoto wakiwa bado hawajaenda kulala. Faini zenu endeleeni nazo Jumamosi mkipenda. Lakini mtoe nje, Mheshimiwa, tumwone akitoka.

Mwanangu ana miadi ya daktari Jumanne. Jana usiku, gizani, aliniuliza kama msimu ujao nitamruhusu kurudi uwanjani. Nimemwambia nimeandika barua mahali, nasubiri majibu.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Baba wa Namba 21,
Dayton, Ohio.