Shukrani kwa kijana wa Masasi aliyeokoa hesabu za korosho

Kijana uliyekuwa unasubiri kutoa kopi dukani kwangu Masasi, siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, hukuacha jina wala namba. Naandika hapa, huenda utasoma. Ahsante sana, mwanangu.

Diski ya kompyuta yangu ilipogoma kufunguka, fundi wa kwanza alisema tuifomati tu, yaani tuifute yote tuanze upya. Tuifomati! Humo mlikuwa na uzito wa mzigo wa kila mkulima wa chama chetu cha msingi, msimu mzima. Wewe ukasema, "Mama, kwanza tusiandike chochote humu." Ukainakili diski yote kwenye nyingine kwa ddrescue, programu ya kuokoa data, kisha ukafanya kazi juu ya nakala. Ukanieleza kwamba ext4, mfumo wa mafaili uliokubaliwa rasmi ndani ya mfumo endeshi wa Linux mwaka 2008, huhifadhi nakala za superbloku yake, yaani maelezo makuu ya mpangilio wake, sehemu kadhaa za diski. Ya mwanzo ikiharibika, programu ya kukarabati iitwayo e2fsck huelekezwa kwenye nyingine, mara nyingi ile ya bloku (kipande cha diski) namba 32768. Ikakubali. Mafaili mengine yaliibukia kwenye folda ya lost+found yakiwa na namba badala ya majina, ukayafungua moja moja bila kununa.

Kilichonishangaza zaidi ni uliposema watengenezaji wa mfumo huo hukaguana viraka, yaani marekebisho ya programu, hadharani, kosa la mmoja likaonwa na mwenzake wa nchi nyingine. Mafundi wetu wengine hata bisibisi wanaficha.

Hela ulikataa, ukapokea kifuko cha korosho za kukaanga tu. Wakulima wamelipwa kwa hesabu zilezile, na katibu anakusalimu.