Kumwelewa anayetupinga si kumkubalia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nizungumzie jambo ambalo naona linatugombanisha kuliko hata hizo tofauti zetu zenyewe, nalo ni ile hofu kwamba mtu akishazielewa sababu za anayempinga atakuwa amekwisha kumkubalia. Kwa hofu hiyo tunawakata watu kauli kabla hawajamaliza, tunawalisha maneno ambayo hawakuyasema, kisha tunayajibu maneno hayo tuliyoyatunga wenyewe na kuondoka tukijihesabu washindi. Tunafanya hivyo nyumbani, na tunafanya hivyohivyo katika mijadala inayoamua mambo ya watu wengi.

Wengi wetu tunaamini kwamba tunayaona mambo jinsi yalivyo, na kwamba asiyeyaona kama sisi ama hajaelezwa vya kutosha, ama ana lake moyoni. Mwaka 1954 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Albert Hastorf na Hadley Cantril, walichapisha uchunguzi ambao ingefaa aufahamu kila mwenye mazoea ya kusema "mimi nimeona kwa macho yangu." Walichukua filamu ya mchezo wa mpira wa Kimarekani uliochezwa mwaka 1951 kati ya timu za vyuo vya Princeton na Dartmouth, mchezo uliojaa rafu hata mchezaji wa upande mmoja akavunjika pua na wa upande wa pili akavunjika mguu, wakawaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili na kuwataka waandike kila kosa waliloliona. Filamu ilikuwa ileile. Hata hivyo wanafunzi wa Princeton waliona wachezaji wa Dartmouth wakitenda makosa zaidi ya mara mbili ya yale waliyoyaona wanafunzi wa Dartmouth. Sidhani kwamba kuna aliyedanganya, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi, kwa sababu mwongo anaweza kubanwa kwa maswali akanyamaza, ilhali mtu anayeusema ukweli kama alivyouona hubaki akishangaa kwa nini mwenzake anaukana. Wahenga walisema kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Hapa mwambaji hata hajijui kama anavuta.

Niliwahi kuombwa na ndugu yangu na mkewe nikae nao kitako wasikilizane kuhusu fedha. Mume alikuwa akiwatumia wazazi wake sehemu ya mshahara kila mwezi, na mke alitaka sehemu hiyo iwekwe akiba. Mume alishikilia kwamba mkewe hawapendi wakwe zake. Mke alishikilia kwamba mumewe hana habari na nyumba yake mwenyewe. Nilimwomba mume, kabla hajajitetea, aniambie mkewe anataka nini hasa. Akasema, "Anataka niwatupe wazazi wangu." Mke akatikisa kichwa: "Shemeji, mimi sijasema hivyo." Akajaribu tena, akakosea tena, na kila alipokosea mke alimsahihisha kwa sauti iliyozidi kushuka, mpaka mume akasema, polepole na bila kumtazama, kwamba mkewe anaogopa mtoto akiugua usiku wa manane wasije wakahangaika kutafuta wa kuwakopesha kama walivyowahi kuhangaika. "Ndiyo hivyo," mke akajibu. Zamu yake ilipofika, naye alihangaika vilevile kabla hajaweza kutamka kwamba mumewe alisomeshwa na wazazi waliojinyima, na kwamba mwezi asiotuma kitu hujiona kama aliyewaibia. Hawakukubaliana siku ile. Hata leo bado wanabishana kuhusu kiasi cha kutuma, lakini hakuna tena anayemwita mwenzake mchoyo au mzembe. Wanabishana kuhusu kiasi, jambo lenye mwisho, wala si kuhusu tabia.

Utaratibu nilioutumia si wangu. Aliupendekeza Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1951: katika mabishano, mtu asiseme lake mpaka kwanza ameyaeleza upya mawazo na hisia za aliyetangulia kusema, kwa namna ambayo msemaji mwenyewe ataridhika nayo. Ni kanuni nyepesi kuisoma na nzito kuitenda, na Rogers alieleza kwa nini: ukiingia kikweli katika mawazo ya mwingine unaweza ukabadilika, na kubadilika kunatutisha. Naiheshimu hofu hiyo. Lakini imani ambayo haiwezi kustahimili hata kuzisikia sababu za upande wa pili, mwenye nayo anapaswa kujiuliza ameishika kwa sababu gani.

Katika mambo ya jamii hali ni mbaya zaidi, maana huko hakuna mapenzi ya kuturudisha tuketi pamoja. Mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill aliandika mwaka 1859 kwamba anayeujua upande wake tu wa shauri, hata huo anaujua kidogo. Akaongeza jambo ambalo hunukuliwa kwa nadra: haitoshi kuzisikia hoja za wapinzani kutoka kwa walimu wetu wenyewe, inatupasa tuzisikie kwa wale wanaoziamini na kuzitetea kwa dhati. Leo mtu anaweza kushinda kutwa nzima kwenye simu akisoma habari za wapinzani wake, na bado asikutane na hoja yao hata moja, kwa kuwa anacholetewa na wenzake ni kauli mbovu kuliko zote zilizowahi kutolewa upande ule. Mwambie akutajie upuuzi wao, atakutajia bila kupumua. Mwulize sababu yao iliyo bora, hana.

Wapo watakaosema kwamba nawataka walioonewa wawaelewe waliowaonea. Sivyo. Anayepigwa nyumbani kwake hana deni la kumwelewa anayempiga. Anachohitaji ni usalama na haki. Wala sisemi kwamba kila suala lina pande mbili zenye uzito sawa. Ndui ilitangazwa kuwa imetokomezwa duniani mwaka 1980, na chanjo ndiyo iliyoifikisha hapo. Huo si mtazamo wa mtu. Ila hata hapo, mhudumu wa afya anayejua kama mama aliye mbele yake anaogopa sindano, au anaogopa uvumi, au hajasahau siku alipofokewa na mhudumu mwingine, ana la kumwambia mama huyo. Mwenzake ambaye hakuuliza atarudia tu maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi.

Mhariri, ombi langu linawezekana. Barua inayomjibu mwandishi mwingine katika ukurasa huu ianze kwa sentensi mbili tatu za kueleza hoja ya mwandishi huyo, naye aulizwe, kabla ya kuchapishwa, kama ndivyo alivyokusudia. Najua itawaongezea kazi, na kwamba baadhi ya barua zitachelewa. Nyingine hazitaletwa kabisa, kwa sababu mwandishi akilazimika kuieleza kwa haki hoja anayoipinga, huenda akagundua kwamba hakuna aliyeisema ile aliyokuwa akijiandaa kuijibu. Kama yupo atakayeipinga barua hii, naomba kanuni hiyo ianze naye, nami nikiulizwa nitajibu siku hiyohiyo.

Msomaji wako