Bustani ya ndege: Jumamosi saa 3 asubuhi

Habari za asubuhi, ndugu zangu. Jumamosi tunakutana kwangu. Kila mtu aje na karai pana, hata kuukuu. Tutaweka mawe ndani, maji yasizidi vidole viwili, maana ndege mdogo akizama hatoki. Maji yabadilishwe kila baada ya siku mbili tatu. Mkingoja wiki mtakuwa mnafuga mbu, na majirani watanijia mimi! Mwenye kidimbwi atie perege wadogo, wanakula viluwiluwi vya mbu.

Nina machipukizi ya mshubiri, bure. Ukichanua, chozi, wale ndege wadogo wanaofyonza nekta, hawabanduki: jana mmoja kaning'inia kichwa chini, mdomo wote ndani ya ua. Lantana msilete, inavamia kila kitu. Na dawa ya wadudu, tafadhalini, iacheni dukani.